Kompyuta ya Mtumba Inapolalamikia Kifaa Kilekile Kila Mara



Kompyuta nyingi za ofisi za parokia zetu, pamoja na zile ambazo waseminari huandikia kazi zao, zimetufikia zikiwa zimeshatumika miaka mingi kwingine. Hilo si la kuonea aibu. Kinachosumbua ni ule ujumbe unaojirudia kwamba kifaa fulani kimeshindwa kufanya kazi. Unazima, unawasha, ujumbe unapotea. Baada ya siku tatu umerudi. Mwishowe watu huuzoea, kama wanavyouzoea mlango unaolia bawaba.

Katika ofisi ya parokia mazoea hayo ni ya hatari. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na paroko ahakikishe vinaandikwa kwa usahihi na kutunzwa kwa uangalifu. Kitabu cha karatasi kipo, Mungu asifiwe. Lakini katibu aliyenakili majina ya miaka 40 kwenye kompyuta ili mtu anayetafuta cheti asisubiri siku mbili, amefanya kazi ya miezi. Diski ikifa, kazi hiyo inazikwa nayo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu yoyote, nakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje au flashi, kisha nakala nyingine iwekwe jengo tofauti na lile lenye kompyuta. Tunalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi huanza na amri ya chkdsk yenye /r, inayosoma diski nzima kutafuta sehemu mbovu. Kwa diski nzima wa afya haina neno. Kwa diski inayokata roho, kuisomesha hivyo kwa saa kadhaa kunaweza kuimaliza kabisa. Nakala kwanza, chkdsk baadaye.

Sasa tuusome ujumbe wenyewe. Kompyuta ikisema kifaa kimeshindwa, maana yake ni kwamba imekiita kifaa hicho na haikupata jibu ililolitarajia. Haijui kama kosa ni la kifaa, la waya unaokiunganisha, la umeme unaokifikia, au la draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana nacho. Kazi yetu ni kutenganisha hayo manne. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, na utaona orodha ya vifaa vyote. Chenye kasoro huwa na alama ya njano. Ukikifungua utakuta namba. Namba 28 ni draiva haijawekwa, na hiyo ni rahisi. Namba 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 43 ni kwamba kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu na Windows ikakisimamisha. Andika namba hiyo kwenye karatasi, pamoja na siku, saa na kilichotangulia: je, umeme ulikuwa umekatika? Printa ilikuwa imechomekwa? Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya “inasumbua sumbua tu”.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Printa ikikataliwa, ihamishie kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, lililo kwenye bodi kuu yenyewe. Matundu ya mbele hupitia waya mwembamba wa ndani ambao kwenye mashine kuukuu mara nyingi umelegea. Ikikataa, badilisha waya. Ikikataa tena, ipeleke kwenye kompyuta nyingine. Ikifanya kazi huko, umeshajua kwamba printa haina kosa. Anayebadilisha waya, tundu na draiva kwa mkupuo mmoja anaweza kufanikiwa, ila hatajua kilichomponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Diski kuu inastahili uangalizi zaidi, maana ndiyo iliyobeba majina. Karibu kila diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Usihangaike na orodha yote. Namba 5 huhesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba. Namba 197 huhesabu sehemu zinazosubiri kuamuliwa kwa kuwa hazisomeki vizuri. Hizo mbili zikizidi kupanda wiki hadi wiki, diski inakufa, na hakuna programu itakayoifufua. Namba 199 ni habari tofauti: huhesabu data zilizovurugika njiani kati ya diski na bodi, na mara nyingi mkosaji ni waya. Tumeona diski ikihukumiwa kutupwa kumbe waya wake ulikuwa umelegea. Ukibadilisha waya, hesabu ya 199 haitarudi sifuri. Itakachofanya ni kuacha kupanda.

Betri ndogo ya bodi kuu nayo huleta vituko. Ni ile ya duara, CR2032, ya volti 3. Ikiisha, saa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti hukataa kufunguka kwa kuwa tarehe haiwiani. Mipangilio ya kuwashia pia hupotea, pamoja na namna ya kuitambua diski, hata kompyuta ikadai haioni diski iliyo nzima kabisa. Wengi hununua diski mpya wakati walichohitaji ni betri ya bei ndogo. Kabla ya kuitoa, chomoa waya wa umeme na upige picha mipangilio iliyopo.

Kuhusu kumbukumbu ya muda, yaani RAM: zima, chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini, itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio laini, irudishe mpaka ibane. Kisha ipime kwa mdsched. Vumbi lipulizwe. Ukiona vile vimtungi vidogo kwenye bodi vimevimba juu au vinavuja, jambo lililozikumba kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, simama hapo, bodi imechoka. Na kasha la kupokelea umeme lisifunguliwe na asiye fundi. Hubaki na chaji ya kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Kuna wakati wa kuacha kutengeneza. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziruhusiwi kupokea Windows 11. Yenye diski na bodi nzima inaweza kuendelea na Linux Mint, ambayo ni bure. Yenye bodi iliyochoka iachwe, hata kama mfadhili aliyeitoa bado anaulizia habari zake.

Ila diski ya zamani itolewe kabla kasha halijaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kufuta mafaili hakutoshi, maana yanaweza kurudishwa. Mle mna barua za mashauri ya ndoa na majina ya watoto wa watu. Ipasuliwe kwa nyundo mpaka sahani za ndani zivunjike au zipinde, na paroko awepo.