Kuweka Mbao za Rangi Ukutani Jikoni

Zamani jiko la nyumba nyingi za vijijini lilikuwa kibanda cha nje chenye mafiga na moshi, na hapakuwa na haja ya kuupamba ukuta wake. Hali hiyo inabadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kadiri gesi inavyoenea, mapishi yanahamia ndani ya nyumba, na ukuta ulio nyuma ya sinki na meza hurukiwa na maji na mafuta kila siku. Mbao zilizopakwa rangi zaweza kuukinga, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni moto. Mbao huwaka, na rangi haizuii kuwaka huko. Kwa hiyo sehemu iliyo nyuma ya jiko la gesi, na nusu mita kila upande wake, iachiwe saruji au vigae. Palipo na jiko la mkaa au kuni, mbao zisiwekwe kabisa.

Jambo la pili ni unyevu. Ukuta unaovuja utengenezwe kwanza. Mbao za msonobari, kama zinazotoka katika mashamba ya Sao Hill, Mufindi, zafaa zikiwa zimekauka vizuri. Zikae jikoni humo muda wa wiki moja kabla ya kupigiliwa, zizoee hewa ya chumba. Vifundo vyake vizibwe kwa shelaki, la sivyo utomvu utatokeza juu ya rangi. Kila ubao upakwe rangi ya kwanza pande zote, hata nyuma na kwenye ulimi wake; ubao uliopakwa upande mmoja tu hupinda.

Ndipo mapapi yafungwe ukutani kwa kulala, na kunyooshwa kwa pimamaji. Mbao zisimamishwe juu yake, msumari ukipigwa kwa mshazari kwenye ulimi ili ubao unaofuata uufiche. Chini iachwe nafasi ya milimita 5 juu ya meza, izibwe kwa silikoni, maji yasinywewe na ncha za mbao. Mwisho zipakwe mikono miwili ya rangi ya mafuta, msasa laini ukipitishwa kati ya mkono na mkono.

Rangi nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Inunuliwe ile iliyoandikwa koponi kuwa haina risasi. Rangi ya zamani isiyojulikana isikwanguliwe kwa msasa mkavu, kwani vumbi lake ndilo sumu.

Kuhusu hesabu, ukuta wa mita 3, wenye kinga ya kimo cha sentimita 50, huhitaji vipande 30 vya mbao zinazofunika sentimita 10 kila moja, yaani mita 15. Ikiongezwa sehemu ya kumi kwa ajili ya mabaki, ni mita 16.5. Wanachama kumi wenye haja hiyo wanahitaji mita 165. Makatibu wanashauriwa kuorodhesha mahitaji mapema, ili chama kinunue kwa pamoja mbao zilizokaguliwa, badala ya kila mwanachama kununua peke yake mbao mbichi.