Kinanda Kichaguliwe kwa Vidole vya Mpigaji

Wako wazee wa Migori na Homa Bay wanaolalamika kwamba kinanda cha umeme kimeinyang'anya orutu nafasi yake katika ohangla. Hoja yao si haba, lakini leo, ndugu msomaji, nina jambo jingine: namna vinanda hivyo vinavyonunuliwa.

Mnunuzi huuliza swali moja tu, yaani kinatoa sauti ngapi kwa pamoja. Muuzaji humsomea tarakimu iliyo kwenye boksi, na fedha hutoka. Ni kweli kwamba zamani idadi hiyo ilikuwa jambo zito. Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa sauti moja tu kwa wakati. Prophet-5 ya 1978 ilitoa tano, na Yamaha DX7 ya 1983 ikafikisha 16. Siku hizi hata kinanda cha mwanafunzi hutoa 32 au zaidi. Swali linalofaa ni hili: mpigaji mwenyewe hupigaje?

Anayeiga orutu kwa mkono wa kulia anaiga chombo cha uzi mmoja. Sauti 128 zitamfaa nini? Huyo anahitaji gurudumu la kupinda sauti, maana orutu huteleza. Naye anayefuata gitaa la benga, lile alilolivumisha marehemu D.O. Misiani, hudonoa sauti fupi fupi ambazo huzimika kabla hazijarundikana.

Kanisani mambo ni tofauti kabisa. Katika eneo ambalo Waadventista wamekuwapo Gendia tangu 1906, kwaya ya sauti nne ni jambo la kawaida. Mpigaji hushikilia sauti nne, akakanyaga pedali, akahamia nne nyingine, kisha nne nyingine. Zile za kwanza zingali zinalia. Hizo ni 12. Akichanganya piano na fidla, huwa 24. Ngoma za kinanda chenyewe nazo huchota katika akiba hiyo hiyo. Akiba ikiisha, kinanda hunyamazisha sauti mojawapo, mara nyingi ile ya zamani zaidi, nayo yaweza kuwa besi.

Kwaya moja ninayoifahamu, upande wa Rongo, ilichanga kwa miaka miwili, kina mama wakiuza kuku na mahindi. Ilinunua kinanda kidogo kilichosifiwa mno dukani. Katika mazishi ya kwanza besi ilikatika katikati ya wimbo, na waimbaji wa sauti ya nne wakapotea mbele ya wafiwa. Isitoshe, hakikuwa na nafasi ya betri, na boma lile halikuwa na umeme. Jenereta ilikodiwa kwa fedha za kwaya.

Basi mpigaji na aende dukani mwenyewe, na pedali yake. Achanganye sauti mbili, ashikilie besi moja ya chini, kisha apige wimbo wake mgumu kuliko zote na kusikiliza kama besi ile ingali hai. Muuzaji akikataa kukiwasha, Kisii si mbali.