Mashine Imegoma? Usifomati Bado

Hii stori wasee wa gemu Nairobi wanaijua. Msee anasanya doh mos mos, anashuka Luthuli ama Moi Avenue, anabeba OptiPlex ama EliteDesk, zile mashine za ofisi tunaita ex-UK. Anafika keja, anapachika kadi ya gemu, rada ni safi. Halafu Valorant inamshow ati kwa Windows 11 haichezeki bila Secure Boot na TPM 2.0. Anaingia BIOS, anafinya finya, anasevu. Kuwasha tena, ngori.

Manze tulia. Mafaili zako ziko tu. Settings za BIOS hazikaangi kwa diski, ziko kwa mazabodi. Chenye umeguza ni vile mashine inatafuta Windows, si Windows yenyewe. Shida ni hizi mashine zinajua kutisha mtu. HP inaandikanga ati haijapata diski ya kuwaka, tena inakushow uweke mfumo mpya. Hapo ndio wasee wanaingia box, wanafomati picha za miaka tano juu ya setting moja.

Anza na kurudisha chenye ulichange. Kwa Dell finya F2 ukiwasha, kwa HP ni F10. Kama Windows iliwekwa na ile njia ya kitambo ya Legacy, diski yake ni MBR, na ukiseti ile njia mpya ya UEFI tupu, mashine itapita hapo ka haioni kitu. Rudisha Legacy, itawaka. Na kama bado unataka hiyo Valorant, kuna katool kanaitwa mbr2gpt kako ndani ya Windows 10 tangu 2017. Kanageuza diski iwe GPT bila kufuta vitu zako, lakini we kopi za maana kando kwanza, usijifanye jasiri. Ukimaliza kugeuza, sasa ndio urudi BIOS uweke UEFI.

Ikileta skrini ya blue imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE, cheki setting ya SATA kwa BIOS. Kuna mtu ametoa RAID akaweka AHCI, ama vice versa. Rudisha vile ilikuwa, imeisha hiyo.

Skrini nyeusi tii ndio inasumbuanga, juu hata BIOS huioni. Mara mob ni kadi ya gemu ya kitambo haiskizani na UEFI bila CSM, ile setting ya kubeba vitu za Legacy. Itoe, chomeka skrini kwa mazabodi, jaribu tena. Ikikataa, toa waya ya stima kwa ukuta, finya batani ya kuwasha ndio chaji imalizike, fungua kava, chomoa betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3. Ipe dakika kadhaa, rudisha. BIOS itaanza upya.

Lakini hapa kuna mtego, na wengi hawaambiwangi. OptiPlex mob zikianza upya zinarudi RAID, na huenda aliyekuuzia aliweka Windows na AHCI. Utaona blue tena udhani umeharibu zaidi. Wapi, badilisha tu. Saa pia itakuwa imepotea, na isiporekebishwa masaiti kibao zitakataa kufunguka. Na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya diski, ikiamka ikuitishe ile namba ya tarakimu 48, usianze kubahatisha. Icheki kwa akaunti yako ya Microsoft ukitumia simu.

Next time, kabla uguze kitu kwa BIOS, piga kila ukurasa picha na simu. Ni bure.

Na ukilemewa kabisa, peleka kwa fundi, hakuna aibu. Ila mwambie kwanza ulichange nini, usikie atasema nini. Yule hataki hata kuona settings, ashashika fleshi ya Windows mkononi, beba mashine yako uhepe.