Vihisi: Jinsi Mitambo ya Kiwandani Inavyochunguzwa

Je, umewahi kumtazama fundi wa mashine ya kusaga unga akiwa kazini? Huwa amekaa karibu na mlango, akizungumza na watu waliokuja na ndoo zao za mahindi. Mara hunyamaza na kugeuza kichwa. Mlio wa mashine umebadilika kidogo. Huinuka, akaisogelea mota, akaweka kiganja juu ya beringi, yaani ile sehemu inayoushika mhimili ili uzunguke kwa wepesi. Akiona kwamba imepata moto kupita kawaida, huizima mashine na kutia grisi. (Wewe usijaribu kufanya hivyo. Mkanda wa mashine unaweza kuivuta nguo yako pamoja nawe.)

Watu wote waliokuwapo wamesikia mlio uleule. Fundi peke yake ndiye aliyetambua kuwa una kasoro, kwa kuwa anakumbuka jinsi mashine yake inavyolia siku zote. Ametumia vitu viwili: hisi zake na kumbukumbu yake. Katika viwanda vikubwa kazi hizo mbili husaidiwa na vyombo, na ndivyo tutakavyojifunza katika somo hili.

Kwa nini mkono hautoshi? Fanya jaribio hili. Chukua mabakuli matatu. Katika la kwanza tia maji baridi, katika la pili maji ya vuguvugu, na katika la tatu maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyastahimili. Tumbukiza mkono mmoja katika maji baridi na mwingine katika maji ya moto, kisha hesabu hadi sitini. Sasa itoe mikono yote miwili na uitie pamoja katika bakuli la maji ya vuguvugu. Mkono mmoja utakuambia kuwa maji hayo ni ya moto, na mwingine utakuambia kuwa ni ya baridi. Maji ni yaleyale! Mkono hulinganisha tu joto la sasa na lile uliloligusa kabla. Hauwezi kutupa namba.

Kihisi hutupa namba. Kihisi ni kifaa kinachogeuza joto, mtetemo au mgandamizo kuwa ishara ya umeme. Kihisi kimoja cha joto kinachotumika sana hutengenezwa kwa waya mwembamba wa platini. Platini ikipata joto, huuzuia zaidi umeme kupita. Katika nyuzi 0 za Sentigredi ukinzani wa waya huo ni omu 100. Katika nyuzi 100 ni omu 138.5. Basi, chombo kinachopima ukinzani huo hutambua mara moja joto la mahali kihisi kilipofungwa.

Sasa twende kwenye kiwanda cha saruji. Hapa Tanzania kimoja kipo Wazo Hill, Dar es Salaam, nacho kilianza kazi mwaka 1966. Saruji hutokana na mawe ya chokaa na udongo, ambavyo husagwa na kuchomwa katika tanuri. Tanuri hilo si kama la kuokea mikate. Ni bomba kubwa la chuma, lililolala kwa mwinamo kidogo, ambalo urefu wake huweza kufikia mita 60 au zaidi, nalo huzunguka polepole usiku na mchana. Ndani yake mawe hufikia joto la nyuzi 1,450 hivi.

Chuma hakiwezi kuvumilia joto la namna hiyo. Kikifika nyuzi 600 tu, chuma cha kawaida hubakiwa na nguvu kama nusu. Kwa hiyo bomba hutandikwa ndani kwa matofali maalumu yanayostahimili moto, na ganda la nje hubaki katika nyuzi 200 hadi 350 hivi. Lakini matofali huchakaa. Tofali moja likianguka, chuma kilichokuwa nyuma yake huanza kuiva. Na nani atakwenda kuligusa bomba hilo?

Hapo hutumika kihisi kisichogusa kitu. Ukikaa mbali kidogo na jiko la mkaa, uso wako huhisi joto ingawa hujaligusa. Joto hilo husafiri kwa miali isiyoonekana, iitwayo miali ya infraredi. Kihisi husimamishwa kando ya tanuri, nacho hupokea miali hiyo kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho wake. Bomba likizunguka mzunguko mmoja, kihisi kimeshaliona lote. Kompyuta huzipanga namba hizo na kuchora picha ya ganda zima, mithili ya ngozi ya mbuzi iliyochunwa na kutandazwa juani. Mahali palipopungukiwa na tofali huonekana kama doa. Wafanyakazi wakiliona doa mapema, huweza kupapoza mahali hapo kwa feni na kupanga siku ya kutengeneza. Wakichelewa, chuma hupinda, na tanuri lote hulazimika kuzimwa.

Hata kulizima ni kazi ngumu. Tanuri lenye moto likiachwa lisimame, bomba hupinda kwa uzito wake lenyewe. Hivyo huendelea kuzungushwa kidogo kidogo hadi lipoe, na kiwanda hukaa siku kadhaa bila kutoa saruji.

Vihisi vya kiwanda huunganishwa na chumba cha uangalizi kwa nyaya au kwa mawimbi ya redio. Katika nyaya hizo mna hila moja nzuri, ambayo mimi huipenda kuliko yote. Tuseme kihisi kinapima joto kuanzia nyuzi 0 hadi 100. Ungedhani kwamba katika nyuzi 0 kingepeleka mkondo wa umeme wa sifuri. Sivyo. Hupeleka miliampia 4, na katika nyuzi 100 hupeleka miliampia 20. Katika nyuzi 50, basi, ni miliampia 12. Kwa nini wasianzie sifuri? Fikiri: je, panya akiukata waya, mkondo utakuwa kiasi gani? Sifuri! Kama sifuri ingekuwa na maana ya “baridi”, mtu aliye chumbani angedhani kuwa mashine imepoa, kumbe inaungua. Lakini kwa kuwa kihisi kizima hakipeleki chini ya miliampia 4, sifuri ina maana moja tu: kuna kitu kimeharibika, nenda kakitazame.

Mtetemo nao hupimwa. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za namna fulani, hata za sukari ya miwa, hutoa umeme kidogo zikikandamizwa. Fuwele yenye tabia hiyo ikifungwa juu ya beringi, kila mtikisiko huwa ishara. Feni ikitikisika mara moja katika kila mzunguko, huenda vumbi limeganda upande mmoja wa mapanga yake. Yakisikika magongano madogo ya haraka zaidi, huenda beringi yenyewe imeanza kupasuka.

Zoezi

Beringi ya feni moja ilipimwa kila siku saa kumi alasiri, feni ikifanya kazi ileile. Kengele ya hatari hulia katika nyuzi 80. Namba ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni joto la beringi.

Jumatatu: 30, 52
Jumanne: 33, 55
Jumatano: 28, 50
Alhamisi: 28, 54
Ijumaa: 26, 57

Kengele haikulia hata siku moja. Kwa kila siku, toa joto la hewa katika joto la beringi, kisha andika majibu yako kwa mpango. Jumanne beringi ilikuwa na joto zaidi kuliko Alhamisi. Ni siku ipi kati ya hizo mbili ambayo ingemtia fundi wasiwasi, na kwa nini? Kama wewe ndiwe uliyekuwa chumba cha uangalizi Ijumaa, na kiwanda kinataka kuendelea kufanya kazi hadi Jumapili, ungemwambia nini?