Mlima wa Chokaa Usioijua Bahari

Sisi watu wa pwani tukitaja chokaa, fikira zetu hukimbilia baharini. Huko ndiko yatokako matumbawe, na matumbawe yakichomwa tanurini ndiyo yaliyopaka nyumba zetu na misikiti yetu tangu enzi za wazee. Basi mwambie mtu wa Lamu kwamba uko mlima wenye chokaa tele ukingoni mwa Ziwa Viktoria, tena chokaa iliyozaliwa na moto. Atakucheka. Lakini ndivyo ilivyo.

Mlima huo ni Homa, katika kaunti ya Homa Bay. Wapita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, nao ni volkeno ya kale. Mawe yake mengi wataalamu huyaita kabonataiti, yaani mawe ya jamii ya chokaa yaliyopanda kutoka tumboni mwa ardhi yakiwa uji wa moto. Kwa miaka mingi jambo hili lilibishaniwa sana, kwani chokaa tuijuayo haiyeyuki motoni. Hutoa hewa ikawa unga. Mwaka 1960, katika mlima Ol Doinyo Lengai wa Tanzania, uji wa jamii hiyo ulionekana ukitiririka, ingawa huo una magadi zaidi. Joto lake hufika kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la uji wa volkeno nyingine.

Madini yaliyo asili ya mawe haya huitwa kalsaiti. Yakivunjwa hupasuka kwa nyuso zilizolala upande, hata kipande kidogo hufanana na kile kikubwa. Kipande kilicho safi kama kioo kikiwekwa juu ya maandishi, alifu moja huonekana mbili. Ajabu hiyo aliieleza Mdenmaki Rasmus Bartholin mwaka 1669. Na atakaye kuyajua ayatilie tone la siki: yatatoa povu. Jiwe jeupe la kwatsi, ambalo wachimba dhahabu wa Migori hulivunja usiku na mchana, halitoi povu wala kisu hakiliumizi.

Je, jiwe hili hukuaje, nalo hufaje? Mvua ishukapo huchukua hewa ya kabonidayoksaidi angani, na ikipenya udongoni hupata nyingine zaidi itokayo kwenye mizizi. Maji hayo huwa na ukali kidogo, na ukali huo hulila jiwe polepole na kulibeba lisionekane. Maji yakifika mahali pa wazi hewa ile ikawatoka, hayawezi tena kubeba mzigo wao. Jiwe huzaliwa upya, tone kwa tone. Haba na haba hujaza kibaba.

Ushahidi umo jikoni mwetu. Chumvi hukolea upesi katika maji ya moto, lakini kalsaiti ni kinyume: maji yakipata moto huitupa. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai ndio huo.

Sasa twende Migori. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi ya Kenya umekuwa na asidi, kwa mvua nyingi zinazoosha rutuba, na pia kwa kutiwa mbolea za amonia mwaka baada ya mwaka. Katika udongo kama huo madini ya alumini hulegea yakadhuru mizizi ya mahindi. Mkulima hununua mbolea kwa jasho lake, na mmea usiweze kuila. Dawa yake ni jiwe hili hili lililosagwa. Likitiwa shambani, asidi hulila, na katika kulila asidi yenyewe huisha. Lakini lazima lisagwe liwe laini, maana asidi hula kwa nje. Kokoto huchukua miaka mingi. Jiwe kama hilo huchimbwa Koru, kaunti ya Kisumu, nalo pia ni la asili ya volkeno. Dawa haiko mbali na mgonjwa. Ugumu ni gharama ya kuisaga, kuisafirisha na kumfikia mwenye shamba la ekari moja.

Nasi wa pwani tusidhani hadithi hii ni ya watu wa bara peke yao. Bahari nayo hunywa kabonidayoksaidi inayotoka katika moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, na kila ikinywa ukali wake huzidi. Matumbawe, yanayojijenga kwa chokaa, hupata tabu kujenga. Na yakidhoofika, samaki hukosa makao na ufuo hukosa ngao.

Hivyo ukali ule ule tunaoutaka ulile jiwe katika shamba la Migori, ndio tunaouhofia katika mwamba wa Lamu. Mkulima wa kule na mvuvi wa huku hawajuani, lakini rizki zao zimeshikwa na jiwe moja.