Kisa Chako cha Hospitali Kina Mlango Wake

Mwezi uliopita sauti ya dakika saba ilizunguka katika makundi yetu ya WhatsApp hapa Uingereza, mji hadi mji, mpaka ikamrudia aliyeirekodi. Dada huyo alikuwa amejifungua siku chache kabla. Alieleza alivyowaambia uchungu umekolea, akajibiwa bado. Alivyosema tena, akaambiwa apumue taratibu. Na alivyojifungulia kwenye chumba cha kupimia wajawazito kwa sababu muda wa kumhamisha ulikuwa umepita. Watu walilia naye. Wengi waliandika "pole dada" na kuisambaza. Ila kwenye wodi yenyewe hakuna aliyesikia hata neno moja, na jina la mkunga lililotajwa mle lilikuwa la yule aliyeingia zamu alfajiri akamshika mkono mpaka mtoto akatoka. Aliyemwambia apumue taratibu ni mwingine kabisa. Mkunga aliyetajwa ni wa jamii yetu, na sauti ilimfikia kabla hajamaliza shifti zake za wiki hiyo.

Tangu hapo wasomaji wameniuliza swali lile lile: nilalamike wapi? Swali ni la haki, ila wengi wetu tunadhani mgonjwa ana mawili tu, kunyamaza au kushtaki. Kati ya hayo kuna la tatu, nalo tunalipita kila siku bila kulitazama: kusimulia, kwa maandishi, kwa watu wanaohusika.

Sisemi habari ya ule ujumbe wa simu unaokufikia ukitoka kliniki, unaokutaka uchague namba. Kipimo hicho kilianza katika hospitali za England mwaka 2013 na kila mmoja wetu ameshakijibu akiwa kwenye basi. Namba peke yake haimwambii mtu kwamba kengele ya kitanda cha dirishani haifanyi kazi, wala kwamba mama yako aliomba bakuli la kutapikia mara tatu hadi akajichafua. Hata ukitoa alama ya juu kabisa, muuguzi hatajua kwamba kilichokufariji ni lile blanketi la pili alilokuletea bila kuombwa. Wakubwa wanapenda namba kwa sababu zinakaa vizuri kwenye jedwali. Anayefanya kazi wodini hawezi kurekebisha jedwali. Anaweza kurekebisha kengele.

Ninachosema mimi ni njia hii: mwaka 2005 daktari wa familia wa Sheffield, Paul Hodgkin, alianzisha shirika ambalo leo linaitwa Care Opinion. Mgonjwa au ndugu yake anaandika kilichotokea kwa maneno yake, bila jina lake kuonekana hadharani. Msimamizi anakisoma kisa kwanza, kisha kinawekwa wazi kila mtu akione, na papo hapo kinapelekwa kwa wahusika wa wodi au kliniki ile, ambao nao wanajibu hadharani. Jina la mfanyakazi anayelaumiwa huondolewa, la anayeshukuriwa linaweza kubaki. Wenzetu walioko Scotland wanaweza kutumia njia hii katika huduma za NHS nchi nzima, na Northern Ireland iliipokea mwaka 2020. Kwa England inategemea hospitali. Nyingine zinajibu, nyingine hazigusi.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba visa vingi vinavyofika huko ni vya shukrani. Na hapo ndipo jamii yetu inapaswa kusikiliza kwa makini, maana sisi tuko pande zote mbili za kitanda. Mama zetu wamelazwa, na dada zetu ndio wanaowageuza usiku. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya mwaka 2021, na hata kabla ya hapo, ni familia chache miongoni mwetu zisizo na nesi au mtu anayefanya kazi ya kea. Kila muuguzi na mkunga aliyesajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga, hulazimika kuhuisha usajili wake kila baada ya miaka mitatu, na kati ya anayotakiwa kuonyesha ni maoni matano kuhusu kazi yake. Barua yako ya shukrani inaweza kuwa moja ya hayo matano. Sanduku la chokoleti huliwa na zamu nzima kabla ya saa sita, wala haliingii kwenye faili la mtu.

Dada mmoja wa wodi ya wazee aliniambia kwamba katika miaka yote aliyofanya shifti za usiku, ameitwa ofisini mara nyingi, na kila alipoitwa alijua kuna kosa. Siku moja aliitwa akasomewa kisa cha binti wa mgonjwa aliyefariki. Binti huyo aliandika kwamba muuguzi alimwimbia baba yake kwa sauti ya chini wakati akimfuta uso, na kwamba familia ilipata amani ya kulala. Dada huyu alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Hakuipeleka. Katika Hospitali ya Watoto ya Birmingham, wahudumu wa chumba cha wagonjwa mahututi waliona pengo hilo hilo, kwamba mfumo mzima wa taarifa umejengwa kunasa makosa, na mwaka 2014 wakaanza kuandikiana taarifa za mambo yaliyofanyika vizuri ili wajifunze kutokana nayo. Mpango huo umeenea hospitali nyingi. Hawakungoja wizara.

Kisa cha mtu mmoja kinaweza kwenda mbali kuliko wodi. Kate Granger alikuwa daktari wa wazee huko Yorkshire, naye akaugua saratani. Mwaka 2013, akiwa amelazwa, aliona kwamba wengi waliomhudumia hawakumtajia majina yao. Walimshika, walimchoma sindano, walimsukuma kwenye kiti, bila kusema wao ni nani. Aliliandika jambo hilo dogo. Likageuka kampeni kubwa, na beji za njano unazoziona vifuani mwa wahudumu wengi, zenye maneno ya kujitambulisha kwa jina, zimetokana na kisa chake. Alifariki mwaka 2016. Kwetu kuingia chumba cha mgonjwa bila salamu ni utovu wa adabu, kwa hiyo tunaudhika mara moja. Lakini tunaudhika kimoyomoyo.

Na visa visiposikilizwa watu hufa. Wanaokumbuka habari za hospitali ya Stafford wanajua: wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu, wengine bila maji ya kunywa, huku viongozi wakishughulika na bajeti na malengo. Ndugu za wagonjwa walikuwa wakisema muda wote huo. Julie Bailey, aliyempoteza mama yake pale mwaka 2007, alikusanya familia nyingine, na shinikizo lao likazaa uchunguzi wa Robert Francis, ambao ripoti yake ya Februari 2013 ilikuwa na mapendekezo 290. Ukisoma mambo hayo, huwezi tena kusema "hata nikiandika watafanya nini".

Sasa nije mahali watu wetu wanaponaswa, na mimi nilinaswa hapo hapo.

Mama mkwe wangu aliruhusiwa saa nne usiku, mwezi wa Januari, na mfuko wa dawa sita. Hakuna aliyemweleza ipi aache kati ya zile za zamani na ipi aanze. Hakuitiwa mkalimani, wakati mkalimani wa NHS ni bure, na mwongozo unasema mtoto asifanywe mkalimani; aliyetafsiri usiku ule ni mjukuu wa miaka kumi na miwili. Asubuhi nilikwenda dawati la PALS, la ushauri kwa wagonjwa pale hospitalini, nikaeleza kila kitu kwa mdomo. Mama wa pale alinisikiliza kwa upole, akaandika, akasema ataongea na wodi. Saa nane mchana sista wa wodi akanipigia, akanisomea dawa moja moja. Nikasema asante. Niliporudi nyumbani niliamini nimelalamika.

Baada ya miezi mitatu nilipouliza majibu, nikaambiwa hakuna malalamiko yoyote kwenye kumbukumbu. Kanuni za mwaka 2009 zinasema malalamiko ya mdomo yakitatuliwa kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata, na mlalamikaji akaridhika, hayalazimiki kushughulikiwa kama malalamiko rasmi. "Asante" yangu ndiyo iliyohesabiwa kuwa kuridhika. Suala la mkalimani, ambalo ndilo lililonipeleka pale, halikuandikwa popote. Hakuna aliyenidanganya. Lakini hakuna aliyeniambia pia, na nadhani mtu anayekaa nyuma ya dawati lile kila siku anajua vizuri kwamba wanaomjia hawaijui kanuni hiyo. Kuijua na kunyamaza ni namna ya kufunga mlango.

Kwa hiyo amua kabla hujaondoka nyumbani. Ukitaka jambo lirekebishwe leo, mgonjwa bado yuko kitandani, PALS ni mahali pazuri. Nenda, sema, shukuru. Ukitaka hospitali ichunguze na ikujibu kwa barua, andika, na sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi. Wanatakiwa kukiri kuyapokea ndani ya siku tatu za kazi. Ikipita miezi sita bila jibu, wanatakiwa wakueleze kwa maandishi kwa nini. Ukitaka wahusika wajue tu kilichotokea na kubadilisha namna wanavyofanya kazi, simulia kisa. Unaweza kufanya yote mawili, kulalamika na kusimulia, ila usidhani moja linafanya kazi ya jingine. Kisa kilichowekwa wazi hakisimamishi saa ya malalamiko, na saa hiyo kwa England ni miezi kumi na miwili tangu tukio au tangu ulipolijua; Scotland kwa kawaida ni miezi sita.

Mtego wa pili ni saini. Ukiandika malalamiko kwa niaba ya mama yako, hospitali haitakujibu mambo ya matibabu yake bila idhini yake ya maandishi, kama ana uwezo wa kuitoa. Wengine wanakaa wiki kadhaa ndipo wakutumie fomu ya idhini, kana kwamba wameigundua juzi. Usiwangoje. Mwandikishe mama mistari miwili, atie saini, uambatishe siku ile ile.

Halafu jibu linakuja. Wengi wetu tunazijua barua zile zinazosikitika kwamba "umejisikia" kutohudumiwa vizuri. Hiyo si radhi. Inakuomba radhi kwa hisia zako, haigusi kitendo chao. Ukiuliza utaambiwa mawakili hawaruhusu. Si kweli: sheria ya fidia ya mwaka 2006 ya England na Wales inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Andika tena, uliza mambo mawili: nini kilitokea, na nini kimebadilika tangu hapo. Ukikwama, kila halmashauri ya England inagharimia mtetezi huru wa kukusaidia na malalamiko ya NHS bila malipo, na baada ya jibu la mwisho unaweza kwenda kwa Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya, ambaye naye hatozi.

Kuhusu hofu ya makaratasi: kusimulia kisa au kulalamika hakuhusiani na kibali chako cha kuishi. Kinachoweza kukuletea shida Home Office ni deni la NHS la pauni 500 au zaidi lililokaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa malipo. Watu wamechanganya mambo haya mawili, na matokeo yake wenye malalamiko ya kweli wananyamaza. Barua za malalamiko pia hazitakiwi kuwekwa ndani ya faili la matibabu.

Ukikaa kuandika, anza na siku na saa, wodi, na wewe ni nani kwa mgonjwa. Eleza ulichoona na ulichosikia, si unachodhani mtu alikuwa nacho moyoni. "Alinidharau" linabishaniwa, "nilibonyeza kengele saa tisa na robo, akaja saa kumi na dakika tano" halibishaniwi. Kama unaamini rangi yako au lafudhi yako ilihusika, liseme, usilimeze. Ripoti za MBRRACE-UK, zinazochunguza vifo vya uzazi, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wanawake Weusi hapa Uingereza hufariki kwa mambo ya uzazi zaidi ya mara mbili ya wanawake Wazungu, kwa hiyo mjamzito wetu anayesema hakusikilizwa anasema jambo zito. Mtaje kwa jina aliyekutendea wema. Yule mwingine, mtaje kwenye malalamiko rasmi tu, ukiwa na hakika ni yeye. WhatsApp si mahali pake, na picha ya mtu akiwa kazini usiitume kabisa.

Jumamosi iliyopita nilikaa na yule dada wa sauti ya dakika saba, mtoto akiwa amelala mapajani. Sauti ile ameifuta, na amempigia mkunga yule simu. Tulijaza ukurasa mmoja na nusu. Kisa chake kinaanzia saa tano usiku, alipopima mwenyewe kwa saa ya ukutani muda kati ya uchungu mmoja na mwingine, dakika tatu, akawaambia dakika tatu, na kwenye faili pakaandikwa sita. Malalamiko rasmi ataandika pia, kwa karatasi nyingine.

Alijifungua mwezi wa Machi. Ana hadi Machi ijayo.