Kiwaya cha Shaba Kwenye Mkono wa Kaskazini

Sindano ya dira ya mpima ardhi mmoja mstaafu, mkazi wa Mugoma wilayani Ngara, ina kiwaya chembamba cha shaba kilichozungushwa mara chache kwenye mkono wake wa kaskazini. Ni kidogo mno; bila kuonyeshwa, mtu hukipita. Mzee alinipa kioo cha kukuzia, akanigeuzia dira kwenye mwanga wa dirisha na kusema kwamba kila mstari aliowahi kuupima katika vilima hivi unategemea mahali kiwaya hicho kilipokaa.

Dira hiyo ilitoka kiwandani Ulaya ikiwa na kiwaya kwenye mkono wa kusini. Yeye ndiye aliyekihamisha.

Sababu yake iko chini ya miguu yetu. Usumaku wa dunia hauendi kaskazini kwa ulalo tu, bali pia huzama au huinuka kulingana na mahali ulipo. London unazama kwa zaidi ya nyuzi 60, hivyo ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini, na fundi wa kule huweka uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa, kama mizani ya dukani. Sisi tuko kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande huu wa Afrika hupita mbali kaskazini, katika nchi kama Ethiopia. Huku Ngara ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini, kwa nyuzi kati ya 25 na 30 hivi. Dira ya Ulaya ikifika hapa bila kurekebishwa, mkono wa kusini huzidiwa mara mbili: na dunia, kisha na uzito wa fundi. Unainama, unagusa sakafu ya kisanduku na kukwama pale.

Mzee anasema hatari yake ni kwamba sindano iliyokwama haionekani mbovu. Imetulia, na mtu asiyejua huusifu utulivu huo na kuandika namba.

Nilimwomba anieleze alivyofanya, naye akaeleza taratibu, kwa furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa. Unafungua kioo mahali pasipo na upepo. Unaitoa sindano kwenye egemeo lake bila kuiparuza, maana ncha ya egemeo ikifa, dira nayo imekufa. Kiwaya hakikugundishwa, kimebana tu, kwa hiyo unakisukuma kwa kijiti cha mti hadi kitoke mkono mmoja kiingie wa pili. Kibano cha chuma hukitumii kamwe karibu na sindano. Unairudisha, unaweka dira juu ya meza iliyosawazishwa kwa pima maji, unachungulia kutoka ubavuni kuona kama mikono yote miwili iko kimo kimoja kutoka kwenye kioo. Haiko. Unafungua tena na kukisogeza kidogo sana. Kazi hiyo inaweza kula asubuhi nzima, na mzee haoni kwamba asubuhi hiyo imepotea.

Viwanda kama Silva na Suunto hutengeneza dira kwa kufuata kanda za dunia, lakini mnunuzi wa dira ya mtumba haulizwi kanda yake. Nadhani hili lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kisanduku kinachoingia nchini.

Mpima akiisawazisha sindano, bado mkono wake mwenyewe unaweza kumharibia. Dira ikiinamishwa, ule mvuto wa kwenda juu na chini huingia kwenye usomaji. Katika dira ya kielektroniki isiyo na kifaa cha kupima mwinamo, kuinamisha kwa nyuzi 10 upande mbaya kunaweza kukosesha usomaji kwa nyuzi 5 hivi katika mwinamo wa hapa. Simu za kisasa hutambua zimeinamaje, zikapiga hesabu na kuondoa kosa hilo. Mzee anakubali kwamba hapo simu inamshinda. Anachobishania ni chuma.

Kwani chuma hakipigiwi hesabu. Panga kiunoni, pikipiki iliyoegeshwa karibu, paa la mabati, nondo ndani ya nguzo ya zege, hata simu yenyewe mfukoni: kila kimoja huivuta sindano kwa kadiri yake, na kadiri hiyo hubadilika ukisogea hatua mbili. Dawa yake ni kusoma kila mstari mara mbili, kutoka pande zote mbili. Ukisimama kwenye kigingi cha kwanza ukasoma nyuzi 64 kuelekea cha pili, basi ukifika cha pili na kugeuka nyuma lazima usome 244. Ukisoma 240, kuna kitu kinavuta kwenye kigingi kimojawapo, au kwenye vyote viwili. Unauzunguka mpaka wote hadi upate mstari ambao namba zake mbili zinapatana; hapo ncha zote mbili huhesabiwa kuwa safi, nawe unaanza kusahihisha mingine kutokea hapo.

Nyuzi 4 hizo si kitu kidogo. Kwa mita 100 ni karibu mita 7. Katika shamba la migomba, ni kama safu mbili zimehamia kwa jirani.

Ngara pia ni wilaya ya nikeli ya Kabanga. Miamba ya nikeli ile ina pirotaiti nyingi, madini ya chuma na salfa. Aina yake moja huvuta sindano, nyingine haivuti, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Mwamba ulio mamia ya mita chini hausumbui dira iliyo mkononi. Ndani ya shimo la uchorongaji mambo ni mengine: kifaa cha sumaku kikipita karibu na mwamba wa namna hiyo hupotoshwa, ndiyo maana wachorongaji wa migodi hutumia gairoskopu, ambayo haitegemei sumaku.

Liko pia suala la mwaka. Kaskazini ya sumaku huhama, na ramani ya usumaku wa dunia ambayo simu zetu hutumia hurekebishwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho kwa ajili ya 2025. Huku kwetu tofauti yake na kaskazini halisi ni ndogo, lakini mzee aliandika tarehe kwenye kila ukurasa wa daftari zake, pamoja na usomaji wa mbele na wa nyuma.

Wengine hawakuandika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imefungua njia ya hati za kimila, na watu wanapogombana hutoa michoro ya zamani iliyochorwa kwa dira na futi ya kamba. Nilimuuliza mzee utajuaje, kwa kuutazama mchoro kama huo, iwapo kiwaya kilikuwa upande gani siku ulipochorwa. Akasema hujui, itabidi mtu auzunguke mpaka ule upya, akisoma mbele na nyuma. Nikamuuliza ni nani atamlipa mtu huyo. Hilo hakulijibu, na hadi naandika sijapata ofisi iliyonijibu.